Bado Mkono Mmoja wa Vanishi

"Shangazi, unajuaje kwamba kazi imekwisha?"

Nilimuuliza hivyo nikiwa darasa la nne, nimekaa juu ya debe tupu la rangi katika karakana alimokuwa akifanya kazi. Alikuwa anapiga polishi mlango wa kabati. Kwa macho yangu mlango ulikuwa umekwisha kitambo. Uling'aa mpaka nikaiona pua yangu ndani yake. Yeye aliuinamisha kuelekea dirishani, akafumba jicho moja, kisha akachukua msasa laini na kuanza kuukwaruza upya kana kwamba mlango ule umemtukana.

"Wewe Maswali," akaniambia, "mdomo wako ungekuwa brashi, ningekuwa nimeshamaliza na kwenda nyumbani."

Maseremala wakacheka, swali langu likapotelea kwenye vumbi la mbao. Jina la Maswali alinipa yeye, na mpaka leo nyumbani wengine wamelisahau lile la cheti cha kuzaliwa.

Shangazi ni dada mkubwa wa baba, na ni fundi wa polishi. Pale karakana maseremala wanaranda, wanaunga, wanapigilia; kitu kikishasimama kwa miguu yake kinaletwa kwake kikiwa kikavu na cheupe kama mtu aliyetoka kuugua. Yeye ndiye anayekipiga msasa, anakinywesha rangi ya mbao, halafu vanishi, mkono wa kwanza, wa pili, wa tatu, na katikati ya kila mkono msasa tena. Kucha zake ni za kahawia mwaka mzima. Akienda kwenye sherehe na wanawake wakamuuliza hina gani hiyo isiyotoka, anawajibu, "Ya mvule." Na ukimkaribisha nyumbani kwako, kabla hajamaliza kukusalimia, kiganja chake kimeshapita chini ya ukingo wa meza kutafuta mahali palipoachwa bila msasa. Akipapata hasemi kitu. Anakuangalia tu kwa huruma.

Mume wake tulimwita Nahodha, wakubwa kwa wadogo. Kazi yake hasa ilikuwa kutengeneza vyerehani vibovu, na katika maisha yake alikuwa hajawahi kuongoza hata beseni. Lakini tangu ujanani alipenda boti kama wengine wanavyopenda mpira. Ziwa liko mwisho wa mteremko, chini ya mtaa wao, na jioni alikuwa akishuka gatini kuzitazama boti za watu, anarudi anachora kwa chaki sakafuni. Hawakujaliwa mtoto. Sisi watoto wa baba ndio tulikuwa wa kwao, na boti aliyokuja kuijenga, nadhani, ndiyo ilikuwa mtoto wao wa mwisho.

Aliijenga uani, chini ya kibanda cha bati, kwa plaiwudi. Ilikuwa ndogo, yenye kijichumba mbele ambacho mtu mzima angeingia kwa kujikunja, na mabenchi mawili yenye vifuniko vya kuwekea vitu. Alifanya kazi jioni jioni na siku za mapumziko, miaka na miaka. Majirani wakipita ukutani walimpigia kelele: "Nahodha! Mafuriko yanakuja lini?" Naye anajibu bila kuinua kichwa, "Wewe endelea kucheka, siku hiyo utagonga mlango sitafungua."

Makubaliano yalikuwa kwamba yeye atajenga na Shangazi atapaka. Ila bibi yangu aliugua, Shangazi akaenda kumuuguza, akakaa huko. Nahodha akaona amfanyie mkewe jambo la kumshtua. Akaipaka boti mwenyewe, rangi ya mbao na vanishi juu yake, kila mahali, ndani na nje.

Nilikuwepo siku Shangazi aliporudi. Nahodha alimfumba macho kwa viganja, akamwongoza mpaka kibandani, akaviondoa. Shangazi alisimama na mkoba wake begani.

"Umeipaka rangi," akauliza polepole, "au umeimwagia chai?"

Ilikuwa na mabaka kama paka wa jikoni. Hapa nyeusi, pale njano, na kwenye maungio mistari myeupe kama mtu aliyelia akasahau kunawa.

"Ni mtindo," Nahodha akasema.

"Mtindo wa wapi?"

"Wa kisasa. Wewe ulikuwa safarini."

Shangazi alicheka mpaka akakaa chini na mkoba wake. Kisha akainuka, akasogea, na nikaona jicho moja limefumba. Akaweka kidole juu ya doa moja jeupe, la mviringo, kwenye ukuta wa kijichumba. "Na hili?"

"Plaiwudi mbovu."

Akamshika mkono mumewe, akakibandika kidole gumba chake juu ya lile doa. Kikakaa sawasawa, kama mguu kwenye kiatu chake. Yalikuwa mafuta ya cherehani. Nahodha alikuwa akitoka kazini na kushika mbao kwa vidole vile vile, na mbao ikishakunywa mafuta haikubali rangi. Mistari myeupe nayo ilikuwa gundi iliyofutwa kwa haraka. Boti nzima ilijaa vidole vyake. Mimi niliona ni kitu cha ajabu sana, nikavitafuta vyote kama mtu anayeokota mayai.

"Acha tu," Nahodha akasema. "Samaki hawataangalia."

"Samaki hawataangalia. Lakini pale gatini wataulizana hii ya nani, wataambiwa ya mume wa fundi polishi. Mimi nitapita wapi? Nitaitoa yote, nipake upya. Usiiguse tena."

Basi ikafunikwa turubai. Kila Shangazi alipotaka kuanza, karakana ilileta kitanda cha bwana harusi, au madawati ya shule, au jeneza la haraka. Nahodha hakumkera. Akipita kibandani alipiga ubavu wa boti kofi mbili, kama mtu anayemtuliza ng'ombe, akaendelea na safari zake.

Mimi nilikuwa nimeshaingia sekondari miguu yake ilipoanza kuvimba. Akipanda ule mteremko alisimama njiani akijifanya anasalimiana na watu. Hospitali wakasema ni moyo. Daktari aliwaita Shangazi na baba kwenye korido na kuzungumza nao kwa sauti ya chini, na waliporudi kitandani nyuso zao zilikuwa zimekunjuka kupita kiasi, kama shuka lililopigwa pasi. Nahodha aliambiwa apumzike, asifanye kazi.

"Kwa hiyo nimepewa likizo," akasema. "Vizuri. Likizo ni ya boti. Mke wangu, nataka nikae ndani yake ikiwa majini. Hata nusu saa. Baada ya hapo mnipe dawa zenu zote."

Shangazi akaanza siku ile ile tuliyomrudisha. Akafunua turubai, akafunga kitambaa puani, akaanza kuibandua ile vanishi kwa kikwaruzo. Nahodha alitolewa kiti nje, akawekewa mto mgongoni, akawa msimamizi. Kila nikienda baada ya shule niliwakuta hivyo, mmoja kazini, mwingine anatoa maoni.

"Hapo umeruka."

"Nimeona."

"Na hapo."

"Nahodha, unataka nikupe msasa au nikupe dawa?"

Ile vanishi ilitoka. Mabaka hayakutoka. Mafuta yalikuwa yameingia, na Shangazi hakuwa mtu wa kuacha doa. Mkono wake ulizoea mbao nzima nzima za mvule, mbao ambayo ukiipiga msasa kutwa nzima inazidi kuwa nzuri. Plaiwudi si hivyo. Ule uso wake wa juu ni mwembamba kama ganda la kitunguu, na chini yake kuna tabaka jingine ambalo nyuzi zake zinakwenda upande. Alilijua hilo kabisa, alishawahi kunieleza. Lakini alipofika kwenye lile doa la kidole gumba alikaza, akakaza, akakaza tena, na ghafla mkono ukasimama. Pale palipokuwa na doa palikuwa na kitu kama donda, rangi nyingine, nyuzi zimelala msalaba.

"Nimetoboa," akasema. Sijawahi kusikia sauti yake ikiwa ndogo vile.

Nahodha akainuka kidogo kwenye kiti, akaangalia, uso ukamng'aa.

"Kumbe na wewe unaharibu! Karibu chamani, mke wangu, karibu sana, mwanachama mwenzangu." Akacheka mpaka kikohozi kikambana, Shangazi akaacha msasa akakimbia kumshika mgongo.

Mtu mwingine angepaka rangi nzito juu ya lile donda, mambo yakaisha. Shangazi alikikata kipande kizima akaweka kipya. Kipande kipya kikanywa rangi kuliko vile vya zamani, kikaonekana kama kiraka cha suruali. Basi ikabidi boti yote iongezwe weusi ifanane nacho. Alipomaliza hapo, mvua zikaanza. Vanishi ikipakwa hewa ikiwa na unyevu inaingiwa na utando mweupe, kama maziwa yaliyoganda juu ya chai. Akaitoa. Akapaka. Ikaganda tena. Akaitoa.

Nahodha alikuwa na mdogo wake, mwenye pikapu ya kubebea mizigo. Jumapili moja akaja na trela ya kuazima, ameshapanga vijana wa kusaidia kuishusha gatini.

"Shemeji, leo kuna jua. Tumpeleke mzee."

"Bado," Shangazi akasema. "Imepata mkono mmoja tu. Maji yataingia kwenye mbao."

"Nusu saa, shemeji, si kwamba anahamia huko."

"Nimesema bado."

Akaondoka na trela yake tupu, ikigonga gonga mawe njia nzima.

Wiki chache baadaye Nahodha alitoka mwenyewe chumbani, amevaa kofia na shati la kutokea. Viatu alikuwa ameviacha bila kamba kwa sababu miguu haikuenea. Alitembea kwa kushika ukuta mpaka kibandani.

"Leo," akasema.

"Bado mkono mmoja."

"Juzi ulisema mkono mmoja."

"Juzi iliingia vumbi. Nenda kakae, utaanguka."

"Basi nikae humo ndani hapa hapa uani. Nijione nikoje."

"Haijakauka. Itakunasa suruali."

"Inase. Mtanikuta humo humo. Mtanizika nayo, mtakuwa mmepunguza gharama za jeneza."

Shangazi alicheka, kisha akafanya kama anakoroga kitu kwenye kopo. Hakumruhusu. Nahodha akakaa kwenye kiti chake pembeni ya boti aliyoijenga mwenyewe, kofia mapajani, akawa anaitazama kama mtu aliyefika kwa mwenyeji akaambiwa asubiri nje. Mimi nilikuwa nimeshika kitambaa cha kufutia vumbi. Nilimkasirikia Shangazi siku hiyo, nasema kweli. Niliona ni majivuno. Niliona anaogopa maneno ya watu wa gatini kuliko anavyomhurumia mumewe.

Baba naye aliona hivyo. Alikuja jioni moja kumsema, na mimi nilikuwa naosha vyombo nje ya mlango wa jikoni. Hawakunificha, nadhani walisahau kwamba nipo, jambo ambalo watu hawanifanyii mara nyingi.

"Dada," baba akasema, "mpe mtu boti yake."

Nikasikia Shangazi anavuta kigoda.

"Mdogo wangu, wewe ulisikia alichosema daktari. Tulisikia wote."

"Nilisikia. Ndiyo maana nasema."

"Kila asubuhi akifumbua macho, kabla hata hajaniamkia, ananiuliza, vanishi imekauka? Kila asubuhi. Anainuka kwa ajili ya hilo, anakula uji kwa ajili ya hilo. Sasa niambie. Siku nikimwambia imekauka, akaipanda, akashuka, kesho yake anaamka anasubiri nini?"

Sabuni ilikuwa inakauka mikononi mwangu.

"Dada," baba akasema, na sauti yake haikuwa tena ya kumsema mtu, "anaamka kwa sababu anataka kwenda. Si kwa sababu unamzuia."

Nilisikia Shangazi anapenga kamasi, halafu anauliza kama baba amekula.

Siku iliyofuata alipiga mkono wa mwisho. Safari hii alipaka bila kufumba jicho. Hewa ilikuwa kavu, vanishi ikalala vizuri mara moja, kama kitu kilichokuwa kinasubiri aamue. Akampigia simu shemeji yake aje na trela Jumamosi asubuhi. Nahodha alipoambiwa hakupiga kelele wala kufanya mzaha. Aliomba anyolewe ndevu. Shangazi alimnyoa pale pale kwenye kiti, taratibu, na alipomaliza akapitisha kiganja shavuni kwake, juu, chini, akitafuta mahali pa kukwaruza.

"Imetosha?" Nahodha akamuuliza.

"Imetosha."

Jumamosi nilifika mapema. Nilikuwa nimevaa nguo ambazo zingeweza kulowa. Boti ilikuwa wazi, turubai limekunjwa, na kwa kweli ilikuwa nzuri kiasi kwamba nilisita kuikaribia: kahawia nzito, rangi moja mwanzo mpaka mwisho, mawingu yanapita ubavuni kwake. Hapakuwa na kidole cha mtu yeyote.

Ndani ya nyumba Shangazi alikuwa anaita jina la mumewe. Sikuwahi kumsikia akimwita kwa jina lake halisi. Nahodha alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, shati la kutokea limefungwa vifungo nusu, hewa inaingia kwake kidogo kidogo kwa sauti ya msumeno butu. Mdogo wake alikuwa amefika tu. Trela ilikuwa getini. Akaifungua pikapu kutoka kwenye trela, wakatandika godoro nyuma, wakamlaza. Mimi nilishika geti. Shangazi alipanda nyuma akamweka kichwa mapajani, nami nikadandia pembeni yao.

Kutoka pale getini, kushoto barabara inateremka kwenda ziwani, kulia inapanda kwenda hospitali. Pikapu ikakata kulia. Nahodha alifumbua macho, akaangalia miti inavyopita, na nikamsikia kwa masikio yangu akisema, kama anayemrekebisha dereva kwa upole:

"Ziwa si huku."

Alifariki mchana ule ule.

Kwenye msiba watu walijaa uani, na kwa kuwa palikuwa na kivuli, wanaume wengi walikaa karibu na kile kibanda cha bati. Kukaa kwa muda mrefu kunachosha. Wakaanza kuitazama boti. Seremala mmoja mzee kutoka karakana akapitisha kiganja ubavuni, akainama, akafumba jicho moja. "Jamani," akasema, "hii kazi. Angalieni wenyewe. Huoni maungio, huoni doa. Kama kioo." Wengine wakasogea. Wakaisifu kwa heshima, kwa nia njema kabisa, wakidhani ni jambo la kumfariji mjane. Shangazi alikuwa akipita na jagi la maji. Akaliweka chini, akaingia ndani, hakutoka mpaka jioni.

Hakuiuza wala hakuipanda. Ilipopita miezi mingi alimwambia mdogo wake Nahodha aichukue, kwa sharti la kuja siku ambayo yeye yupo kazini. Sasa iko ziwani na inafanya kazi kama boti nyingine yoyote. Nimeipanda mara moja. Ubavu mmoja umechubuka kwenye gati, vanishi imepauka kwa jua, na shemeji mtu ameshamwomba Shangazi zaidi ya mara moja akaitengeneze. Anamjibu, "Iache hivyo hivyo."

Mimi sasa niko kidato cha nne. Likizo iliyopita nilikwenda kukaa na Shangazi, na mchana nilimfuata karakana kama zamani, ila sasa debe la rangi haliniruhusu kukaa vizuri. Alikuwa anapaka kitanda cha mtoto mchanga. Akaja kijana mmoja, jasho limemlowesha, amekimbia. Mkewe amejifungua kabla ya siku zake na anatoka hospitali leo. Akauliza kama kitanda kiko tayari.

Nilikiangalia. Kilikuwa kimekauka, lakini upande wa miguuni rangi haijalingana, na mimi ninayemjua Shangazi nilijua hapo kuna kazi ya siku kadhaa. Nikasubiri amrudishe mtu.

Shangazi alifuta vumbi kwa kitambaa, akamsaidia kukiinua mpaka nje, akamwambia, "Hongera, baba. Kabebeni mtoto." Kijana akaondoka nacho kichwani, miguu ya kitanda inaelekea juu.

"Shangazi," nikasema, "lakini kile si bado mkono mmoja?"

Alikuwa anaosha brashi. Aliendelea kuiosha, akaikung'uta, akainyoosha nyuzi zake kwa vidole mpaka zikalala. Nikadhani hatajibu, kwa sababu maswali yangu mengi hayajibu.

"Uliwahi kuniuliza, ukiwa mdogo hivi, kazi inaisha lini," akasema. "Inaisha siku mwenyewe anapokuja kuichukua. Hata kama wewe unaona bado. Wangu alikuja, mwanangu, nikamwambia bado."